Siku ya Tatu Mpe Jembe: Wageni wa Mjini na Kilimo cha Mpunga katika Bonde la Kilombero

Kila mwaka mvua za kwanza zinapokaribia, Ifakara hupokea wageni ambao wenyeji huwatambua kabla hawajafungua kinywa. Viatu vyao vya mvua bado vinang'aa. Kofia zao ni pana kuliko ekari wanazotafuta. Mkononi wana karatasi ya hesabu iliyoandaliwa mezani: idadi ya ekari, mara magunia kwa kila ekari, mara bei ya gunia, na chini kabisa jumla ya mamilioni iliyopigiwa mstari mara mbili. Baadhi yao ni wastaafu waliopokea mafao yao, baadhi ni vijana waliomaliza vyuo na kuchoka kusubiri ajira, na wengine ni wafanyakazi wa Dar es Salaam na Morogoro wanaotaka shamba la kuongezea kipato.

Ujio wao ni wa manufaa. Huleta mitaji, hukodi matrekta, hutoa vibarua na kununua bidhaa madukani. Hata hivyo, kila msimu wapo wanaoondoka wakiwa wamepoteza akiba ya miaka mingi, na mara nyingi si kwa sababu ya uvivu wala mvua. Hupoteza kwa sababu walitoa fedha kwanza na kuuliza maswali baadaye. Makala haya yanaeleza mambo ambayo huwatatiza zaidi wageni hao, yale ambayo wenyeji huyacheka jioni na yale yasiyochekesha hata kidogo, pamoja na ofisi zinazopaswa kutembelewa kabla shilingi ya kwanza haijatoka mfukoni.

Bonde lililozoea wageni

Mgeni hana sababu ya kuona haya anapoingia Kilombero. Pamoja na Wandamba, Wambunga na Wapogoro, bonde hili limepokea Wabena, Wahehe, Wangoni na watu wa makabila mengine mengi. Viwanda vya sukari vya upande wa Kidatu vimevuta wafanyakazi tangu miaka ya 1960. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilileta vibarua, wafanyabiashara na wakulima, na vijiji vingi vya kandokando ya stesheni vikakua kwa sababu yake. Baadaye walifika wafugaji Wasukuma na Wamasai pamoja na mifugo yao. Kwa hiyo mtu anayeitwa mwenyeji leo huenda babu yake aliwahi kuchekwa na jirani kwa kupanda mbegu mahali pasipofaa.

Taifa nalo limewahi kujifunza kuwa kumhamisha mtu na kumfanya mkulima ni mambo mawili tofauti. Mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi iliyoambatana na sheria ya mwaka huo huo, watu walioonekana hawana kazi maalumu Dar es Salaam na miji mingine walikusanywa na kupelekwa vijijini wakazalishe mali. Wengi wao walirejea mjini baada ya muda mfupi. Walikuwa wamefikishwa penye ardhi, lakini hawakupewa ujuzi, zana wala majirani wa kuwaongoza. Wageni wa leo huja kwa hiari yao, na wengi wana fedha. Pengo la ujuzi, hata hivyo, ni lile lile.

Methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ambayo Mwalimu Nyerere aliitaja katika maandiko yake ya mwaka 1962 kuhusu Ujamaa, hutajwa sana kama onyo kwa mgeni mvivu. Katika kilimo cha mpunga ina maana nyingine iliyo muhimu pia: siku mbili za kwanza ni za kutazama na kuuliza. Mgeni anayeshika jembe siku ya kwanza, au anayemlipa mtu amshikie, ameziruka siku mbili zenye thamani kubwa kuliko msimu mzima.

Mpunga, mchele na wali

Kiswahili kimempa mkulima maneno matatu mahali ambapo lugha nyingine hutosheka na moja. Mpunga ni mmea na nafaka yenye maganda. Mchele ni nafaka iliyokobolewa. Wali ni chakula kilichoiva mezani. Mtu wa mjini huufahamu vizuri wali, humfahamu muuza mchele, lakini mara nyingi hajawahi kukutana na mpunga. Ndiyo maana hesabu nyingi za karatasini hukosea tangu mstari wa kwanza: mgeni huzidisha magunia ya mpunga kwa bei ya mchele.

Kilo 100 za mpunga zikikobolewa hutoa takribani kilo 60 hadi 65 za mchele. Kiasi kinachosalia ni maganda na pumba. Mpunga uliokaushwa vibaya hutoa mchele uliokatikakatika, na mnunuzi hushusha bei. Kabla ya kuhifadhiwa au kukobolewa, unyevu wa nafaka unapaswa kushuka hadi kufikia asilimia 14 hivi, nao huanikwa juu ya turubai na kugeuzwa mara kwa mara.

Kosa la pili la hesabu hutokea kwenye mavuno. Mgeni huchukua mavuno ya mkulima bora aliyemwona kwenye simu na kuyafanya kuwa matarajio yake ya msimu wa kwanza. Kwa mpunga unaotegemea mvua nchini, mavuno ya kawaida yamekuwa yakizunguka tani 2 kwa hekta, yaani karibu kilo 800 kwa ekari. Tani 4 hadi 6 kwa hekta hupatikana mahali penye maji yanayodhibitiwa, mbegu bora, mbolea na palizi ya wakati. Mgeni mwenye busara huandaa bajeti yake kwa kiwango cha chini, na akipata zaidi hufurahi bila kudaiwa na mtu.

Ekari ya hatua sabini

Vijijini ekari hupimwa kwa miguu: hatua 70 kwa hatua 70. Kipimo hicho si cha kubahatisha. Ekari moja ina mita za mraba 4,047, sawa na mraba wenye upande wa mita 63.6, na hatua 70 za mtu anayetembea kwa upana wa sentimita 91 hufikia hapo. Ugumu ni kwamba miguu haifanani. Anayepima akiwa na hatua ya sentimita 75, au akianza kuchoka kwenye matope, hutoa eneo la mita za mraba 2,756 hivi, ambalo limezidi kidogo theluthi mbili za ekari. Mnunuzi wa ekari 10 za namna hiyo amelipia 10 na kupata karibu 7, kisha hushangaa mbegu kubaki. Dawa yake ni rahisi: kamba yenye urefu unaojulikana au simu yenye programu ya kupima eneo, mbele ya mashahidi wa pande zote.

Ukubwa wa shamba, hata hivyo, si hatari kubwa kuliko uhalali wake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na ugawaji wake huidhinishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mtu asiye mkazi hawezi kuhamishiwa haki ya kimila ya kumiliki ardhi bila kibali cha Halmashauri ya Kijiji. Karatasi iliyoandikwa chini ya mwembe, ikatiwa sahihi na muuzaji na rafiki zake wawili, haitoshi, hata ikiwa imepigwa mhuri wa rangi ya kupendeza. Ndani ya mipaka ya mji, viwanja na mashamba hufuata taratibu nyingine, na mahali pa kuanzia ni ofisi ya mtaa na idara ya ardhi ya halmashauri.

Kuna swali jingine ambalo mgeni hulisahau: je, ardhi hiyo inaruhusiwa kulimwa? Bonde la Kilombero ni ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002. Ni makazi ya sheshe, swala wa ardhi oevu ambaye ni fahari ya bonde hili. Sehemu ya bonde ilitangazwa kuwa Pori la Akiba la Kilombero mwaka 2023. Muuzaji anayetoa eneo kubwa, lenye rutuba, karibu na mto na kwa bei ya chini ajabu, huenda anauza kitu kisicho chake. Mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji huonyesha maeneo ya kilimo, malisho, makazi na hifadhi. Mgeni anapaswa kuomba kuuona, na kwenda na mtendaji wa kijiji hadi kwenye alama za mipaka.

Oktoba si Aprili

Wageni wengi hutembelea mashamba mwezi wa Septemba au Oktoba, barabara zinapopitika. Huona uwanda mpana, udongo mweusi wenye nyufa na anga jeupe, na huuliza kama kuna kisima. Mwenyeji hutabasamu. Shamba lililopasuka kwa ukavu Oktoba laweza kuwa njia ya mtumbwi Aprili. Mvua za vuli huanza kwa kawaida Novemba na kuendelea hadi Januari, masika huwa Machi hadi Mei, na mito itokayo Udzungwa na nyanda za juu humimina maji yake bondeni hata siku ambayo Ifakara yenyewe haijanyesha.

Kwa hiyo kabla ya kununua au kukodi, mgeni atazame alama za matope kwenye mashina ya miti na kuta za nyumba za jirani. Aulize maji hufika wapi, hukaa siku ngapi, na katika mwaka mbaya zaidi yalifika wapi. Jibu linapaswa kuthibitishwa na zaidi ya mtu mmoja, na ikiwezekana mmoja wao asiwe muuzaji.

Kina cha maji ndicho kinachoamua mbegu. Supa na mbegu nyingine za asili zenye mashina marefu hupendwa kwa harufu na ladha, na huvumilia maji kuliko mbegu fupi, ingawa huanguka kirahisi zikiwekewa mbolea nyingi. SARO 5, ambayo jina lake la kitaalamu ni TXD 306 na iliyoidhinishwa mwaka 2002, ni fupi, hukomaa kwa takribani miezi minne na huzaa vizuri sana inapotunzwa. Ikipandwa kwenye shimo la mafuriko huzama. Mgeni aliyesikia kuwa mbegu hiyo inazaa sana, akainunua kabla ya kujua kina cha maji ya shamba lake, amenunua samaki na kumpeleka juu ya mti. Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha TARI Ifakara, ambacho wakongwe bado hukiita KATRIN, ni mahali panapofaa kuuliza mbegu ipi inafaa shamba lipi.

Kazi ambayo macho huiona rahisi

Kupandikiza mpunga huonekana kama kuchomeka vijiti kwenye matope. Baada ya nusu saa, mgongo wa mgeni hutoa maoni tofauti. Miche hutolewa kitaluni ikiwa na umri wa wiki tatu hivi na kupandwa kwa mistari, sentimita 20 kwa 20. Katika kilimo shadidi miche huhamishwa ikiwa michanga zaidi, ya siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25. Mistari si mapambo: huwezesha palizi kwa mashine ya kusukuma na kuonyesha wazi mmea usio wa pale. Viatu vya mvua hubaki ndani ya jaruba wakati mwenyewe amekwisha toka, ndiyo maana wazoefu huingia miguu mitupu au na viatu vinavyobana kifundo.

Palizi ndiyo inayozalisha hadithi nyingi zaidi. Mgeni mwenye bidii huamka alfajiri, hung'oa majani mpaka adhuhuri, kisha huonyesha kwa fahari sehemu aliyoisafisha. Mwenyeji hutazama, hunyamaza kwa adabu, na mwishowe huuliza mpunga umehamishiwa wapi. Gugu linalofanana na mpunga huweza kutambuliwa kwa kutazama mahali jani linapoungana na shina. Mpunga una kiutando chembamba cheupe na vimasikio vyenye vinyweleo mahali hapo. Gugu hilo halina. Mpunga mwitu ni mgumu zaidi kutofautisha kwa sababu ni ndugu wa mpunga wenyewe. Huo huenea kwa mashina yaliyo chini ya udongo, na dawa yake ni kulimwa mapema na kuokota mizizi kabla ya kupanda.

Mbolea nayo ina wakati wake. Kumwaga urea juu ya maji yanayotiririka ni kumlimia jirani wa chini. Maji hupunguzwa kwanza, mbolea huwekwa baada ya palizi, kisha maji hurudishwa.

Nafaka inapofikia hatua ya maziwa, huja kweleakwelea. Ndege mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi na hula takribani gramu 10 za mbegu kwa siku. Hilo huonekana dogo mpaka mtu akumbuke kuwa kundi moja laweza kuwa na ndege milioni moja, yaani tani 10 kwa siku. Ndiyo maana familia za bondeni hukaa shambani wiki kadhaa kuamia ndege kutoka juu ya dungu, kuanzia kabla ya jua kuchomoza hadi linapozama. Mgeni aliyeweka sanamu moja lenye shati zuri la ofisini na kurudi mjini amewapa ndege mahali pa kupumzikia. Makundi makubwa hayazuiwi kwa kombeo. Taarifa itolewe mapema kwa afisa ugani ili ifike kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye jukumu la kudhibiti milipuko ya aina hiyo.

Tembo na viboko wanaoingia mashambani ni jambo la kuripoti, si la kukabiliana nalo kwa ushujaa wa mtu mmoja. Uharibifu uripotiwe mara moja kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wakati nyayo na mabaki yangalipo, kwa kuwa tathmini ya kifuta jasho hutegemea ushahidi huo.

Mkulima wa simu

Wapo wanaolima bila kufika shambani. Huyu ndiye mkulima wa simu. Hutuma fedha za kulima, za mbegu, za palizi, za dawa, kisha za palizi ya pili ambayo haikuwemo kwenye bajeti. Kila Jumapili huuliza mpunga unaendeleaje, na kila Jumapili hujibiwa kuwa unaendelea vizuri. Hutumiwa picha ya shamba la kijani kibichi, na picha hiyo ni ya kweli kabisa, isipokuwa shamba ni la jirani. Siku ya mavuno huambiwa kuwa ndege, maji na wezi wamekuja kwa mfuatano huo.

Si haki kusema kuwa wasimamizi wote si waaminifu. Wengi ni watu wema waliopewa fedha kwa kuchelewa na kutakiwa kufanya kazi kwa wakati. Trekta lililoahidiwa malipo ya Ijumaa huenda kwa mteja aliyelipa Jumatatu, na mvua haisubiri mshahara. Mambo manne hupunguza hasara kwa pande zote mbili. Makubaliano yaandikwe na kushuhudiwa na mwenyekiti wa kitongoji. Malipo yafuate hatua ya kazi iliyokamilika na kuonekana. Fedha za kazi zenye wakati maalumu, hasa kulima, palizi ya kwanza na kuvuna, ziwepo kabla msimu haujaanza. Na mwenye shamba afike mwenyewe angalau wakati wa kupanda, palizi ya kwanza, kuamia ndege na kuvuna. Asiyeweza kufika mara nne kwa msimu anashauriwa kuanza na ekari moja.

Wakati wa kuuza, mgeni hukutana na lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu. Mnunuzi atamweleza kuwa ndiyo desturi. Sheria inasema vinginevyo: ufungashaji wa mazao usizidi kilo 100 kwa gunia, na biashara ifanywe kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Kilemba cha lumbesa ni kilo ambazo mkulima amezilima, akazipalilia, akaziamia ndege, kisha akazitoa bure.

Afya ya mtu wa shambani

Baadhi ya hasara hazihesabiwi kwa magunia. Msimu wa mpunga ndio msimu wa mbu, na vibanda vya shambani mara nyingi vina kuta zilizo wazi. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza miaka ya 1950 kama maabara ya watafiti kutoka Uswisi, imeufanya mji huu kujulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Mpango wa kusambaza vyandarua vyenye viuatilifu ulioanza Kilombero na Ulanga mwaka 1997 ulionyesha kuwa matumizi ya vyandarua hivyo yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4. Somo hilo lilipatikana hapa hapa bondeni. Chandarua kinachobaki kitandani mjini wakati familia imelala dunguni hakimkingi mtu.

Mgeni kutoka mahali penye malaria kidogo yumo hatarini zaidi, kwa kuwa mwili wake haujazoea. Homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kujitibu kwa dawa za duka bila kipimo ni kucheza na maisha. Wanaofanya kazi kwenye maji yaliyotuama wapime pia kichocho. Mtoni, maji ya kunywa yachotwe na kuchemshwa, na mahali pa kuoga paulizwe kwa wenyeji, maana mamba hana kibao cha tahadhari. Na mwenyeji akisema shamba liko hapo tu, mgeni abebe maji na kofia, kwa kuwa neno hilo hupimwa kwa uzoefu wa miguu ya msemaji.

Mahali pa kuanzia

Utaratibu ulio salama kwa mgeni hauna gharama kubwa. Hatua ya kwanza ni kujitambulisha kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, au mwenyekiti na mtendaji wa mtaa kwa walio mjini. Salamu na shikamoo kwa wazee wa jirani ni sehemu ya hatua hiyo, si mapambo yake. Mtu anayejulikana kwa jina hupigiwa simu maji yanapopanda, na asiyejulikana huambiwa baadaye.

Hatua ya pili ni kumwona afisa ugani wa kata pamoja na shamba lenyewe, si na karatasi pekee. Afisa huyo ndiye atakayeeleza mbegu, wakati wa kupanda na magonjwa ya eneo husika. Hatua ya tatu ni kukagua uhalali wa ardhi katika kumbukumbu za kijiji, na kufuata taratibu za kibali kabla ya malipo. Migogoro ikitokea, Baraza la Ardhi la Kijiji hutoa usuluhishi, na majirani wa mipaka waliohusishwa tangu mwanzo ndio mashahidi wa kwanza.

Hatua ya nne ni kuandikishwa kwenye daftari la wakulima. Tangu msimu wa 2022/2023 Serikali imekuwa ikitoa mbolea ya ruzuku kwa wakulima walioandikishwa, na mgeni anayefika dukani bila namba ya usajili hulipa bei kamili huku jirani yake akilipa pungufu. Hatua ya tano ni kuanza na eneo dogo. Ekari moja iliyosimamiwa vizuri msimu wa kwanza humfundisha mtu zaidi ya ekari 10 alizosimuliwa, na hasara yake, ikitokea, haimalizi mafao ya utumishi wa miaka 30.

Wenyeji nao wana wajibu. Kumcheka aliyeng'oa mpunga akaacha gugu ni burudani isiyo na madhara, mradi kicheko kifuatwe na maelekezo. Kumwuzia ardhi ya hifadhi, kumpimia kwa hatua fupi au kumtumia picha ya shamba la mwingine si utani, ni kosa, na huchafua jina la kijiji kizima. Mgeni aliyefanikiwa msimu wa kwanza huajiri vibarua msimu wa pili, hujenga msimu wa tatu, na baada ya miaka michache yeye ndiye huketi kivulini akiwatazama wageni wapya wakishuka garini na viatu vinavyong'aa.